Oili inakwenda wapi? Kisa cha injini iliyobadilishiwa sili mara mbili

Gari ni saluni ya petroli, injini ya lita 1.8 yenye silinda nne, haina tabo, na dashibodi inasoma kilomita 186,000. Tatizo lilielezwa kwa maneno mawili: inapunguza oili. Gari lilipoletwa kwangu lilikuwa limekwisha kubadilishiwa gasketi ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), kisha sili ya nyuma ya krenki (pete inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nje), kazi inayolazimu kushusha giaboksi, kisha sili ileile kwa mara ya pili. Baada ya gharama zote hizo oili ikawa inapungua kwa kasi kuliko mwanzo. Fundi wa mwisho kuliangalia alikata shauri kwamba ringi (pete za chuma zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda) zimekwisha, hivyo injini ifunguliwe au itafutwe nyingine.

Mwenye gari ni dada anayelitumia kwenda kazini na kurudi, safari fupi za kila siku. Swali lake lilikuwa moja: "Fundi, niambie ukweli, injini imekwisha?"

"Bado sijui, dada. Sitaki kukisia. Tupime kwanza, ndipo tuseme."

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililomo nalikuta kila mara, nalo huwagharimu watu injini nzima. Oili inaonekana mahali fulani, fundi anabadilisha kipuri cha mahali hapo, na hakuna anayeuliza ni nini kinachoisukuma itokee hapo.

Taa nyekundu na woga wake

Siku iliyomfanya dada aanze kuhangaika, taa nyekundu ya oili ilimulika akiwa anakata kona, ikazima barabara iliponyooka. Yeye aliielewa kuwa ni taa ya kiasi cha oili. Sivyo. Kwenye magari mengi taa ile hutawaliwa na swichi ya presha, nayo huwaka presha inaposhuka hadi karibu baa 0.3 au 0.5, kiwango ambacho kwenye injini inayokimbia ni hatari tayari. Ikimulika kwenye kona, maana yake oili iliyobaki kwenye sampo, karai la oili chini ya injini, ni kidogo kiasi kwamba inaposogea upande mmoja, pampu inanyonya hewa. Beringi za krenki zinakaa juu ya utando wa oili na si juu ya chuma, kwa hiyo hizo sekunde chache si za kupuuza hata kidogo. Taa ikiwaka, unaegesha mahali salama na kuzima injini. Huendelei "hadi pale mbele".

Woga ule ukamfanya aanze kuongeza oili kila wiki bila kupima. Nilipochomoa dipstiki nilikuta oili iko juu ya alama ya juu kwa zaidi ya sentimita moja. Alidhani anailinda injini, na nia yake ilikuwa njema, lakini oili ikizidi kiasi hicho krenki huipiga ikatoka povu, ukungu wake ukajaa ndani ya injini na kunyonywa kwenda kuchomwa. Kuzidisha oili kunaongeza upotevu wa oili. Jambo la kwanza nililofanya kwenye gari hili, basi, lilikuwa kupunguza oili hadi alama ya juu.

Bila kipimo hakuna kisa

Watu wengi husema "linakula oili sana" bila kujua sana ni kiasi gani. Tulikubaliana utaratibu. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata moto, izimwe, tungoje dakika kumi oili ishuke kwenye sampo, kisha dipstiki ifutwe, irudishwe, isomwe. Kilomita ziandikwe. Oili inayoongezwa ipimwe kwa jagi lenye mistari, siyo kwa kukadiria kutoka kwenye kopo. Kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, kwa hiyo ukipima vizuri unaweza kugundua hata upungufu wa robo lita.

Baada ya kilomita 1,000 injini ilihitaji lita 0.9 kurudi kwenye alama ya juu.

Ni nyingi au kidogo? Vitabu vya baadhi ya watengenezaji huruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000, na vingine nusu yake. Mimi siridhiki na jibu la "iko ndani ya kiwango". Ninachotazama zaidi ni mabadiliko, na hapa dada huyu alitusaidia kuliko kifaa chochote, kwa sababu ana daftari kwenye droo ya gari na humo ameweka kila risiti na kila kopo la oili aliloongeza. Daftari lilionyesha kwamba zamani gari lilifika mwisho wa muda wa kubadilisha oili, kilomita 10,000, likihitaji kuongezwa lita moja hivi. Kisha kava ya tapeti ikaanza kutoa jasho la oili, ikabadilishiwa gasketi. Kuanzia hapo ikawa lita moja kwa kilomita 3,000, kisha 2,000. Sili ya nyuma ilianza kuvuja baada ya kava kutengenezwa, siyo kabla.

Nilisoma ukurasa ule mara kadhaa. Ringi huchakaa polepole, kwa miaka. Hazibadiliki ghafla wiki ambayo mtu amefungua kava ya juu.

Hesabu ya matone

Kabla ya kulala chini ya gari nilipiga hesabu ambayo ningependa kila fundi aizoee. Tone moja la oili ni takriban sehemu ya 20 ya mililita. Mililita 900 ni matone 18,000. Kilomita 1,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni saa 25, yaani sekunde 90,000. Kwa hiyo kama oili yote ingekuwa inavuja nje gari likiwa linatembea, lingedondosha tone kila sekunde tano bila kukoma. Chini ya gari la namna hiyo hapabaki pakavu. Bomba la moshi lingekuwa linafuka, na kila linapoegeshwa kungebaki dimbwi.

Chini ya gari hili kulikuwa na unyevu wa kutosha kuchafua mikono, na harufu ya oili iliyoungua baada ya safari. Dimbwi halikuwapo. Sehemu ya oili ilikuwa inavuja, hilo halina ubishi, lakini nyingine ilikuwa inachomwa.

"Mbona halitoi moshi?" dada aliuliza. Swali zuri. Gari lake hutumia karibu lita 80 za petroli kwa kilomita 1,000. Hata kama lita 0.9 zote zingechomwa, ni kama asilimia moja tu ya petroli. Pikipiki za zamani za mipigo miwili huchanganyiwa oili asilimia mbili hivi kwa makusudi, na moshi wake tunaujua. Nusu ya kiasi hicho, ikapita tena kwenye katalitiki, kisafisha moshi chenye moto kilichomo kwenye bomba la moshi, inaweza isionekane kabisa na dereva anayetazama kioo cha nyuma. Kukosekana kwa moshi wa bluu hakuthibitishi kwamba injini haichomi oili.

Niliangalia upande wa maji haraka, kwa kuwa dalili zilikuwa chache. Maji ya redieta hayapungui, tangi la akiba halina utando wa oili, na oili kwenye dipstiki ni kahawia safi isiyo na weupe wa maziwa. Chini ya kifuniko cha kujazia oili kulikuwa na utelezi wa rangi ya krimu. Wengi wakiuona huo hutangaza kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa. Kwenye gari la safari fupi mara nyingi ni unyevu wa hewa tu ulioganda kwa sababu injini haipati muda wa kuwa moto wa kutosha kuukausha. Niliufuta nikaendelea.

Sehemu nne kwa wakati mmoja

Injini ikaoshwa kwa dawa ya kuondoa grisi hadi ikawa kavu kila mahali. Ukitafuta uvujaji kwenye injini chafu unapoteza muda, kwa sababu oili hushuka na upepo wa safari huirudisha nyuma, hivyo mahali palipolowa sana mara nyingi si mahali inapotokea. Kisha nikatia ndani ya oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, gari likaendeshwa siku chache, nikalirudisha kwenye lifti gizani.

Rangi ilionekana kwenye sili ya nyuma ya krenki, ileile iliyobadilishwa mara mbili. Ilionekana pia mbele, kwenye sili iliyo nyuma ya puli. Ilionekana kwenye kona ya kava ya tapeti yenye gasketi mpya. Na mahali pa nne ndipo paliponishtua. Ilikuwa juu kabisa ya mrija wa dipstiki, imepanda na kumwagika nje.

Sili moja ikivuja, imechoka. Lakini injini inapovuja mbele, nyuma, juu, na hata kupitia mrija ambao mdomo wake uko juu sana kuliko oili yenyewe, hapo hatuzungumzii tena uchovu wa vipuri. Hakuna kitu kinachoipandisha oili kwenye mrija wa dipstiki isipokuwa presha iliyo ndani ya injini.

Ringi za pistoni hazizibi kwa asilimia mia hata zikiwa mpya. Kila mlipuko huachia gesi kidogo ikapenya kwenda chini kwenye krenki. Gesi hiyo lazima itoke. Hadi miaka ya 1950 magari mengi yalikuwa na bomba tu lililoiachia chini ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California nchini Marekani likaanza kudai irudishwe ndani ya injini ichomwe, na mfumo huo ndio tulio nao hadi leo. Kuna vali ndogo, mafundi wengi huiita PCV, inayovuta gesi kutoka kwenye kava ya tapeti na kuipeleka kwenye manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Upande wa pili kuna mpira unaoleta hewa safi kutoka karibu na filta ya hewa. Hewa inaingia huku, gesi inatoka kule, na ndani ya injini kunabaki mvuto mdogo badala ya presha. Mvuto huo ndio unaosaidia midomo ya sili kubana.

Nilitoa kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu, nikavalisha tundu lile glavu ya mpira. Kwenye injini yenye afya glavu hunywea au hutulia. Hapa ilivimba na kusimama wima vidole vyote vitano. Nikaunganisha mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, uliopindwa umbo la U na kutiwa maji, kwenye mrija wa dipstiki. Injini ikiwa taratibu, maji yalipanda sentimita 10 upande wa nje. Nilipoikanyaga hadi mizunguko 3,000, maji yaliruka nje ya mrija.

Filta ya hewa iliyokuwa safi kupita kiasi

Vali ya PCV niliichomoa kwa taabu. Ilikuwa imejaa gundi nyeusi na kile kipande cha ndani hakikucheza kabisa. Ingeonekana kisa kimekwisha. Wengi wangeweka vali mpya na kumkabidhi mtu gari lake.

Kuna jambo halikulingana. PCV ikiziba yenyewe peke yake, gesi haikosi njia. Hugeuka nyuma, ikatoka kupitia ule mpira wa hewa safi na kwenda kwenye boksi la filta. Ndiyo maana kwenye magari yenye PCV iliyoziba tunakuta filta ya hewa imelowa oili. Filta ya gari hili ilikuwa kavu kabisa. Kama gesi haikutoka kwenye vali na haikutoka kwenye mpira, basi njia zote mbili zilikuwa zimefungwa.

Nilirudi kwenye daftari la dada. Risiti ya siku ya gasketi ya kava ya tapeti iliandikwa: gasketi, silikoni, mpira. Neno la mwisho lilikuwa limekaa pale muda wote. Aliyefanya kazi ile, nadhani mpira wa asili ulimkatikia mkononi kwa uzee, jambo la kawaida, akaweka mpira mwingine laini wa kukata kwa mita. Kwa nje ulionekana mzima. Lakini mpira wa asili wa mahali pale huwa umefinyangwa na kona yake tayari, na huu wa mita ulilazimishwa kukunja nyuma ya injini, karibu na joto. Injini ikiwa baridi ulikuwa wazi kiasi. Injini ikipata moto ulilainika, ukajikunja na kujiziba. Niliushika ukiwa wa moto na vidole vikakutana.

Sasa daftari lote likasomeka. Vali ilianza kuziba miaka mingi nyuma, kwa safari fupi na oili iliyokaa muda mrefu. Gesi ikawa inatokea kwenye mpira wa hewa safi, presha ikapanda kidogo, kava ya tapeti ikaanza kutoa jasho. Ikatengenezwa kava, na siku hiyohiyo mlango wa mwisho ukafungwa. Presha ikapanda kwelikweli, sili ya nyuma ikasalimu amri, ikawekwa mpya nayo ikasalimu amri vilevile. Sili zile hazikuwa na ubaya wowote.

Niliweka vali mpya, mpira uliofinyangwa wa gari hilo hasa, nikasafisha tundu la kwenye manifoldi ambalo nalo lilikuwa limebaki jembamba kwa masizi. Usiache kulisafisha tundu hilo, kwa kuwa vali mpya mbele ya tundu lililoziba haina kazi. Nikapima tena kwa mrija wa maji. Injini ikiwa taratibu, maji yalivutwa sentimita chache kuelekea ndani. Kwa mizunguko 3,000 hayakurudi upande wa presha. Kipimo hicho cha pili kilinieleza pia kwamba gesi inayopenya kwenye ringi si nyingi kuliko uwezo wa vali, dalili njema kuhusu ringi za juu.

Kilichobaki

Tulipima upya, utaratibu uleule, kilomita 1,000. Safari hii ziliingia lita 0.35.

Mrija wa dipstiki mkavu, sili ya mbele kavu, kava kavu. Sili ya nyuma ilibaki na unyevu mwembamba, usiofika kutengeneza tone. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kuumizwa na presha. Kwa hiyo karibu oili yote iliyobaki ilikuwa inachomwa, na hapo nikageukia silinda.

Muda wa moshi unasema mengi. Oili inayopita kwenye sili za vali huteremka usiku injini ikiwa imezimwa, na asubuhi ukiwasha hutoka wingu moja la bluu kisha linaisha. Nilisimama nyuma ya gari asubuhi, bomba likatoa mvuke wa kawaida tu. Kisha tukaenda kwenye mteremko mrefu, dada akiendesha na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, na mwisho wa mteremko akakanyaga. Hapo ukatoka moshi mwembamba wa bluu kwa muda mfupi. Mguu ukiwa umeachia pedali, mvuto ndani ya silinda huwa mkubwa sana na huivuta oili kutoka popote inapopata mwanya, ringi au sili za vali. Dalili hiyo peke yake haitenganishi.

Kompresheni ilisoma baa 12.3, 12.4, 12.0 na 12.3. Nikatia oili kijiko kimoja kila silinda na kupima tena, na hazikupanda kwa kiasi cha maana. Hapa ndipo mafundi wengi hugawanyika. Mmoja atasema kompresheni ni nzuri, kwa hiyo ringi ni nzima. Siyo sahihi, na hili ningependa lieleweke vizuri.

Pistoni ina ringi mbili za juu zinazozuia gesi, na ya tatu chini yake ya kukwangua oili, inayofanya kazi kama mpira wa waipa kwenye kioo. Kwa upande wa ringi, kompresheni hupima zile mbili za juu tu. Ile ya tatu inaweza kuwa imekwama kabisa kwenye mfereji wake, vitundu vya kurudishia oili nyuma yake vikiwa vimeziba kwa masizi, na bado kipimo cha kompresheni kikasoma vizuri. Hata wakati mwingine kikasoma vizuri zaidi, kwa sababu oili iliyobaki ukutani inasaidia kuziba.

Plagi za silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya hudhurungi ya kawaida. Ya tatu ilikuwa na ukoko mweupe wa majivu na unyevu kwenye uzi. Nikapitisha kamera ndogo kwenye tundu la plagi. Pistoni tatu zilikuwa na masizi meusi yaliyotandaa sawasawa. Pistoni ya tatu ilikuwa nyeusi katikati lakini ukingoni, pande zote kuzunguka, chuma kilikuwa safi na kinang'aa. Oili inayopanda kutoka chini huosha ukingo wa pistoni namna hiyo. Ingekuwa inashuka kutoka kwenye vali, alama ingekuwa upande mmoja, chini ya vali ya hewa. Kwa kuwa manifoldi nilikuwa nimeifungua kwa ajili ya lile tundu, nilikuwa nimetazama pia migongo ya vali za hewa, nayo ilikuwa mikavu.

Kwa hiyo ringi ya oili ya silinda ya tatu ilikuwa imekwama. Yule fundi wa mwisho aliposema ringi alikaribia ukweli, lakini ringi moja iliyokwama kwa uchafu si ringi zilizokwisha, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama injini inafunguliwa.

Tulichofanya na tulichoacha

Nilimweleza dada kwamba kuloweka pistoni kwa dawa ya kuyeyusha masizi ni jambo la kujaribu, halina hakika. Kwenye injini nyingine husaidia sana, kwenye nyingine halibadilishi kitu. Akakubali kujaribu kabla ya kufungua.

Krenki ilizungushwa hadi pistoni zote nne zikawa katikati ya silinda, kwa kimo kimoja, dawa ikamiminwa kupitia matundu ya plagi na kuachwa usiku kucha. Niliziloweka zote, kwa sababu uchafu uliokamata ya tatu upo kwenye hizo nyingine pia. Asubuhi ilifuata hatua ambayo akiisahau mtu ataharibu injini siku hiyohiyo. Dawa iliyobaki ilinyonywa, koili na injekta zikachomolewa, injini ikazungushwa kwa stata plagi zikiwa nje na kitambaa juu ya matundu, hadi ikakauka. Kimiminika hakibanwi. Ukifunga plagi na kuwasha dawa ikiwa bado iko juu ya pistoni, fimbo ya pistoni itapinda. Oili na filta navyo vikabadilishwa kabla ya kuwasha, kwa sababu dawa iliyopenya kwenda kwenye sampo huizimua oili ikawa nyepesi kama maji.

Ilipowaka ilitoa moshi mzito kwa dakika kadhaa, kisha ukapungua na kuisha. Oili ikabadilishwa tena baada ya kilomita 1,500, ikatoka nyeusi mno kwa umri wake, maana yake ilikuwa inaendelea kubeba uchafu. Kipimo kilichofuata kilikuwa lita 0.2 kwa kilomita 1,000.

Watu walimshauri ahamie oili nzito ya 20W-50. Nilimkataza. Injini hii ina mfumo wa kubadili muda wa vali unaoendeshwa na presha ya oili kupitia njia nyembamba, na imeundwa kwa 5W-30. Kitabu chake kinaruhusu pia 5W-40, na hiyo ndiyo tuliyoweka. Oili nzito kupita hapo ingepunguza upotevu kidogo na kuchelewesha oili kufika juu kila asubuhi ya baridi, wakati ambao injini huchakaa zaidi.

Sili ya nyuma nimeiacha. Kushusha giaboksi kwa ajili ya unyevu usiodondoka hakuna maana. Itabadilishwa siku klachi itakapohitaji kufunguliwa. Katalitiki ndiyo ninayoifuatilia, kwa kuwa fosforasi iliyomo kwenye oili huifunika kidogo kidogo inapochomwa, na gari hili limechoma nyingi.

Makubaliano yetu ni haya: oili kubadilishwa kila kilomita 5,000 badala ya 10,000, dipstiki kusomwa kila anapojaza tangi, na mara moja kwa wiki kuliendesha gari safari ndefu ya kutosha kupata moto sawasawa. Upotevu ukirudi kupita nusu lita kwa kilomita 1,000, au plagi ya tatu ikianza kupoteza cheche, injini itafunguliwa na pistoni ile itolewe. Kwa sasa anaongeza lita moja kila kilomita 5,000, na ameiandika ya mwisho kwenye daftari.